Namna ya kuisoma Elimu ya Kujitegemea ukiwa mwalimu wa darasa

Kijitabu cha Julius Nyerere, Elimu ya Kujitegemea (EK), ni chembamba. Ukikaa nacho baada ya chakula cha usiku, kabla hujasinzia umekimaliza. Walimu wengi niliofanya nao kazi walikisoma hivyo, mara moja tu, chuoni, kwa ajili ya mtihani: taja kasoro nne za elimu tuliyorithi kwa wakoloni, taja malengo ya Elimu ya Kujitegemea, fafanua. Wakaja shuleni wakakuta EK ni jembe, ndoo na kuni za kupelekwa kwa mwalimu, wakaamini kwamba hicho ndicho alichotaka Julius Nyerere.

Nimefundisha shule za msingi za Kanda ya Ziwa tangu 1976 hadi nilipostaafu 2019. Niliingia kazini na cheti cha darasa la saba, nikiwa na miaka kumi na saba, katika lile kundi kubwa la walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, tuliosomea kazi tukiwa kazini: masomo ya posta, vipindi vya redio, na kufundisha papo hapo chini ya mwalimu mlezi. Kijitabu hiki nilikisoma kwanza kwa amri. Baadaye nikakisoma kwa kukitafuta, na siku hizi nakisoma na walimu vijana, wanne au watano kwa mara moja, ndani ya darasa tupu baada ya vipindi. Nakuandikia namna tunavyokisoma ili na wewe ukifanye hivyo shuleni kwako.

Nikuombe jambo moja kabla hatujaanza. Nyerere alianza kufikiri juu ya elimu kutoka kwa mtoto ambaye hatachaguliwa kuendelea na masomo. Msome ukiwa na mtoto huyo mbele ya macho yako, mtoto halisi, mwenye jina, unayemfundisha mwaka huu. Bila yeye, maneno yote ya kijitabu yatakuwa yale yale uliyokariri chuoni.

Tafuta wenzako

Usikisome peke yako. Waite walimu wenzako wanne, watano wakizidi sana, na mmoja wao awe yule asiyeamini mambo haya kabisa. Katika kundi langu la mwisho alikuwa mwalimu wa hisabati, dada mmoja mkimya, ambaye siku ya kwanza alisema waziwazi kuwa amekuja kwa sababu ya heshima tu. Ndiye aliyetufaa kuliko wote, na nitakueleza kwa nini.

Mwalimu mkuu mpe taarifa mapema, kwa adabu, asije akadhani ni kikao cha kumlalamikia. Tengeni saa moja, mara nne, wiki baada ya wiki. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize wakiwa na penseli. Kilitolewa Machi 1967 kwa lugha ya kueleweka na mwananchi, kwa hiyo kinasikika vizuri kikisomwa kwa sauti, na utaona watu wanamsimamisha msomaji mahali ambapo wewe ungepita bila kuona kitu.

Kisha wekeni sharti moja: mkiwa mezani, mwandishi aitwe mwalimu, asiitwe Baba wa Taifa. Nampenda na kumheshimu, na nililia siku ile Oktoba 1999 redio ilipotangaza kifo chake. Lakini nimeona mara nyingi jinsi cheo kile kinavyofunga vinywa. Baba habishiwi. Mwalimu mwenzako, ofisini, mkiwa mnasahihisha madaftari, unaweza kumwambia, "Hapa, mwalimu, sijakubaliana na wewe." Na yeye ualimu aliutanguliza: aliwahi kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, siasa ilimjia kwa bahati tu.

Maisha yake, kwa kiasi kinachohitajika

Msianze na tarehe zote. Kikao cha kwanza toeni dakika ishirini kwa maisha yake, na mchukue yale tu yanayofungua kijitabu.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mugaya, mmoja wa wake wengi wa chifu. Shule alianza 1934 pale Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka kumi na miwili. Simameni hapo. Kwa miaka kumi na miwili mtoto huyu alikuwa akifundishwa, ila si darasani: alichunga, alilima, alisikiliza wazee wakiamua mashauri barazani kwa baba yake. Kurasa za mwanzo za kijitabu zinasema kwamba Afrika haikukosa elimu kabla ya shule za kikoloni. Watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda. Aliyeandika hivyo alikuwa ameiishi elimu hiyo.

Kutoka Mwisenge akaenda shule ya serikali Tabora, kisha Makerere kusomea ualimu, 1943 hadi 1945. Akarudi Tabora kufundisha shule ya misheni ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi 1952 na shahada ya M.A., akafundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, hadi Machi 1955 alipotakiwa achague kati ya ualimu na chama cha TANU. Waulize wenzako: huyu ni nani kati ya watoto mia moja wa zama zake? Ni yule mmoja aliyefika juu kabisa ya ngazi ya elimu. Ngazi haikumnyima kitu. Hata hivyo ndiye aliyekaa akaandika kwamba ngazi yenyewe imejengwa vibaya, kwa kuwa inawaacha chini karibu wote. Mimi jambo hilo hunigusa kila mwaka.

Kuna mfano aliutoa Bungeni mwaka 1964, ambao napenda tuusome kabla ya kijitabu. Kijiji kina njaa. Watu wanakusanya chakula chote kilichobaki, wanampa mtu mmoja ale apate nguvu, aende mbali akawaletee wengine chakula. Akila akaenda asirudi, huyo ni msaliti. Msomi, anasema, ndiye mtu huyo. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita aliposikia mfano huu aliuliza, "Na kama amerudi, lakini amekuta wamekufa?" Sikuwa na jibu siku ile. Niliandika swali lake nyuma ya kijitabu changu na bado lipo.

Jambo la mwisho la historia ni la Oktoba 1966, nalo msiliruke. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti mapya ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo makato ya mshahara wao wa baadaye. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi mia nne. Siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia ishirini. Miezi mitatu na kitu baadaye likaja Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata, Elimu ya Kujitegemea. Ukisoma zile sehemu kali zinazohusu wasomi wanaojiona tofauti na wazazi wao, utasikia kwamba bado ana uchungu. Mwandishi mwenye uchungu huona vizuri baadhi ya mambo, na mengine humpita. Liwekeni akilini hilo, mtalihitaji kikao cha nne.

Punje mia moja

Kikao cha pili njoo na punje mia moja za mahindi. Zimwage mezani, kila mmoja asaidie kuhesabu. Kisha fikeni pale anapotaja kwamba wakati ule, kati ya watoto mia wanaomaliza shule ya msingi, kumi na tatu tu ndio wangepata nafasi ya sekondari. Sogezeni punje kumi na tatu upande. Zilizobaki, themanini na saba, ziacheni zilivyo, msizipange.

Halafu endeleeni kusoma huku zimelala pale.

Anaeleza kuwa serikali ilikuwa imefanya kazi: mwaka wa uhuru, 1961, watoto wa shule za msingi walikuwa kama 490,000, na 1967 wamefika kama 825,000. Sekondari, mwaka ule wa uhuru, walikuwa 11,832, na kati yao kidato cha sita nchi nzima 176 tu. Alikuwa na haki ya kujisifu, lakini hesabu hiyo anaipita haraka na kurudi kwa wale themanini na saba. Shule inawafundisha nini? Inawafundisha mambo ya maandalizi ya sekondari ambayo hawataiona. Kwa miaka saba wanasomea safari ya wengine, na mwisho wanaambiwa wameshindwa, warudi kwa wazazi wao wakiwa wanaona aibu.

Ndipo yule dada wa hisabati alipofungua mdomo. "Hesabu hii ni ya zamani," alisema. "Siku hizi wanaoendelea ni wengi." Ni kweli, na ni pingamizi zuri. Nikamwomba alete kikao kijacho orodha ya darasa la saba la miaka mitatu iliyopita, kutoka kabati la ofisi. Alileta. Tukachukua majina moja moja, kila mwalimu akisema anachokijua: huyu yuko kidato cha tatu, huyu aliacha kidato cha kwanza, huyu anaendesha bodaboda, huyu ameolewa. Mbele ya majina kumi na tisa hakuna aliyekuwa na la kusema. Hakuna aliyejua wako wapi. Yule dada aliyaangalia yale majina kwa muda, kisha akasema taratibu kuwa wanne kati yao aliwafundisha yeye mwenyewe kujumlisha sehemu.

Fanyeni zoezi hili kwenu, kwa orodha yenu. Takwimu za taifa ziacheni wizarani. Orodha ile ichukueni mtunze, kwa kuwa nitairudia.

Kasoro nne, na ile ya tatu

Kasoro zenyewe unazijua: elimu ya wachache, elimu inayomtenga mtoto na jamii yake, elimu inayofanya tuamini kuwa maarifa yote ya maana yako vitabuni au kwa waliosoma, na elimu inayowaondoa vijana wenye nguvu kwenye uzalishaji. Ya kwanza mmeshaiona kwenye punje. Ya pili na ya nne zinasomeka bila shida. Muda wenu upelekeni kwenye ya tatu.

Anasema tumewazoesha watoto kudharau ujuzi wa wazee wasiosoma, na kwamba hata serikali na chama wanamtazama mtu kwa cheti alicho nacho bila kuuliza tabia yake wala uwezo wake kazini. Wakati huo huo hasemi kwamba kila la wazee ni sahihi. Anachotaka ni mtoto apime. Mzee akisema panda mapema, kitabu kikasema weka mbolea, mtoto aende shambani aone kila kimoja kinaleta nini.

Kila mwalimu aje na kitu kimoja ambacho mzazi asiyesoma wa kijijini hapo anakijua na mwalimu hakijui. Mara ya kwanza tulipofanya hivi kulikuwa na kimya kirefu, na kimya hicho kilinisikitisha, maana wengine walikuwa wamekaa kijijini pale miaka minane. Mmoja hatimaye alisema kuna mama anayejua kusikiliza kishindo cha mtumbwi ukigonga maji akajua umebeba samaki kiasi gani. Tulimwita mama huyo darasa la tano, katika kipindi cha sayansi, siku tunafundisha kuelea na kuzama. Watoto walimjua kama jirani tu. Alipoeleza kwa nini mtumbwi uliojaa unakata maji kwa sauti nzito, mwanawe, aliyezoea kukaa nyuma, alihamia dawati la mbele bila kuambiwa.

Weka jambo hilo kwenye andalio la somo kama unavyoweka zana nyingine. Usilifanye tamasha la mara moja kwa mwaka.

Shamba la shule

Kikao cha tatu ni cha shamba, na hapa ndipo nataka uwe mwangalifu kuliko mahali pote, kwa sababu hapa ndipo tulipomkosea mwandishi, na mimi ni mmoja wa waliokosea.

Mwaka wangu wa tatu kazini tulikuwa na heka mbili za pamba. Watoto walilima, walipalilia, walichuma. Pamba ikauzwa, pesa zikaingia, na watoto hawakuambiwa ni kiasi gani wala zimefanya nini. Msichana mmoja wa darasa la saba aliniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, pamba yetu imepata shilingi ngapi?" Nilimwambia hilo si la wanafunzi. Hakuuliza tena, na msimu uliofuata darasa zima lilichuma kwa uvivu ambao niliuadhibu kwa fimbo. Miaka kadhaa baadaye, nikisoma kijitabu polepole, nilikutana na msichana yule ndani ya kurasa zake. Alichokiuliza ndicho mwandishi alichotaka kiulizwe.

Soma sehemu ya shamba kwa sauti, mara mbili. Anasema wanafunzi washiriki kuamua. Anatoa hata mfano: wachague kama watatumia pesa walizopata kukodi trekta la kutayarisha shamba, au wazitumie kwa jambo jingine na kazi ile waifanye kwa nguvu zao. Anasema hesabu za shamba ziwekwe sawasawa. Anasema sifa za mbolea zielezwe katika somo la sayansi, na faida na mipaka yake ionekane kwenye mimea. Anasema hakuna ramani moja ya shule zote, kila shule itazame mahali ilipo. Katika hayo yote tuliyokuwa tukiyafanya sisi ni kulima tu.

Basi mkitaka kuanza, anzeni na daftari kabla ya jembe. Daftari la hesabu la shamba liandikwe na wanafunzi, likae darasani mahali pa kuonekana, lisomwe kwa sauti kila Ijumaa. Kiasi cha mbegu, siku walizolima, waliokuwepo, mavuno, bei, matumizi. Kama shule yako haina shamba, hata bustani ya mchicha ya hatua kumi kwa nane inatosha. Kama haina hata hiyo, chukueni matumizi ya maji ya shule.

Nikupe mfano wa darasa langu la sita, miaka mingi baada ya yule msichana. Walikuwa na pesa kidogo za mauzo ya dengu. Swali likawa: msimu ujao wa mahindi tukodi ng'ombe wa kulimia, au tulime kwa mkono na pesa zinunue mpira? Tulibishana vipindi viwili. Niliwaacha. Mvulana mmoja alichora shamba ubaoni na kulikata katikati: nusu ng'ombe, nusu jembe la mkono, tuone. Mpira ukasubiri. Mvua za kwanza zilipokuja, kila mtu kijijini akawataka ng'ombe wiki ile ile, na wetu wakachelewa siku kumi na moja. Nusu ya jembe la mkono ilikuwa imeshapandwa. Mavuno yalipopimwa kwa debe, nusu ile ndiyo iliyozidi.

Wengine walitaka kuhitimisha kwamba ng'ombe hawafai. Yule mvulana akakataa: ng'ombe walilima vizuri, kilichoharibu ni foleni. Nikafuta kipindi cha insha kilichokuwa kwenye azimio la kazi, nikaandika ubaoni: "Kwa nini ng'ombe walichelewa?" Nilisoma madaftari arobaini na moja usiku ule. Kulikuwa na majibu kuhusu bei, kuhusu majirani, kuhusu nani huhudumiwa kwanza kijijini na kwa nini. Sijawahi kupata insha kama zile kwa swali la kitabu chochote cha kiada.

Na kuni za mwalimu? Na maji ya nyumbani kwake? Hayamo. Tafuteni ukurasa kwa ukurasa, hayamo.

Watu wazima

Kijitabu kinasema juu ya shule, lakini falsafa yake haikuishia shuleni, na mkiacha nusu hiyo mtakuwa mmemsoma nusu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Vikaja vikundi vya kusikiliza redio, kama vile vya kampeni ya "Mtu ni Afya" ya 1973, iliyowachimbisha watu vyoo na kuwafanya wajadili malaria na maji chini ya mti. Vikaja vyuo vya maendeleo ya wananchi. Na kikaja kisomo. Wakati wa sensa ya 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa kisomo wa 1975 ulikuta asilimia 39, na ule wa 1986 ukakuta hawafiki kumi.

Mimi nilifundisha kisomo jioni, kwa taa ya karabai, huku nikiwa bado mwanafunzi wa ualimu. Darasani alikuwamo mama mmoja mkulima wa pamba, umri wa mama yangu, ambaye sote tulimwita mayu, yaani mama. Siku ya kwanza alisema, "Mwanangu, nifundishe namba. Majina yatasubiri." Kitabu kilianza na maneno, nami nilikuwa binti wa miaka kumi na minane anayemwogopa mratibu, nikamwambia namba ziko mbele, avumilie. Aliacha kuja. Baada ya wiki mbili nilimfuata nyumbani, nikamsalimu, nikakaa. Akaingia ndani akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na stakabadhi za pamba za misimu minne. Alisema kila mwaka anapeleka robota zake kituoni, mshale wa mizani unasimama mahali, karani anaandika, na yeye anapokea karatasi. Alitaka kujua mshale ule umesimama wapi.

Kesho yake tulianza na stakabadhi. Nilichora uso wa mizani ubaoni, tukasoma kilo. Wengine wote kumbe walikuwa na karatasi zao majumbani. Baada ya mwezi darasa lilijaa hadi mlangoni.

Soma na wenzako hotuba aliyoitoa Dar es Salaam Juni 1976, mbele ya mkutano wa kimataifa wa elimu ya watu wazima. Anasema mama hampi mtoto kutembea. Kutembea si kitu alicho nacho mama akamkatia mtoto kipande. Anamsaidia mtoto kukuza uwezo ambao tayari ni wake. Mwalimu wa watu wazima, anasema, yuko hivyo hivyo. Mayu alikuja na swali lake limefungwa kwenye kitambaa, mimi nikamwambia avumilie.

Kikao cha kumbishia

Kikao cha nne si cha kumsifu. Kila mmoja aje na jambo ambalo anaona mwalimu huyu alikosea au halikutosha, na alitetee.

Yapo ya kutosha. Upanuzi wa haraka wa shule za msingi baada ya Azimio la Musoma la 1974 ulitupa watoto tisini darasani na walimu wa umri wangu ule. Alisema mtihani usitawale yanayofundishwa, na mtihani umetawala hadi leo. Alitafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akathibitisha kuwa lugha yetu inabeba lolote, lakini sekondari zikabaki kwa Kiingereza, na yeye mwenyewe akakitetea kwa kukiita Kiswahili cha dunia. Hapo mimi simwelewi hadi leo, nami huwaambia wenzangu hivyo. Na mambo mengi yaliamuliwa juu yakashuka kama amri, wakati kijitabu chenyewe kinataka mtu azoee kuamua.

Pingamizi lililonikaa zaidi ni la yule dada wa hisabati. Alisema: mzazi anayeuza mbuzi ili mwanawe aende sekondari hajapotoshwa na wakoloni, anajua anachokitafuta, na ni vibaya mtu aliyefika Edinburgh kumwambia mtoto wa mwingine ajiandae kubaki kijijini. Tulibishana hadi giza likaingia. Mmoja alimjibu kwamba mwandishi hamzuii yeyote kupanda, anachotaka ni asiyepanda naye awe amesoma kitu chake. Dada akasema hilo ni sawa kwenye karatasi, lakini katika shule maskini kitu cha asiyepanda hugeuka kuwa jembe, na cha anayepanda hubaki kitabu. Sikumjibu, kwa sababu nilikumbuka heka zangu mbili za pamba. Kundi lako likifika hapo msiharakishe kupatana.

Kabla hamjatawanyika, kila mwalimu aandike kwenye nusu ya karatasi jambo moja atakalobadilisha muhula ujao: darasa gani, somo gani, lini. Dogo, la kupimika. Dada wa hisabati aliandika kwamba darasa lake la saba litajifunza asilimia kwa daftari la hesabu za shule, zile za kweli, mwalimu mkuu akikubali. Mwalimu mkuu alichukua wiki tatu kukubali. Karatasi zibandikwe kwenye azimio la kazi, na mpange siku ya kurudi kuzisoma.

Kisha chukueni ile orodha ya darasa la saba. Tafuteni jina la kwanza ambalo mbele yake hamkuweza kuandika kitu, ulizeni kwao ni wapi, na Jumamosi wawili wenu waende.